Ada ya Daraja la Chini

Mkurugenzi wa hospitali alikuwa ameshaifunga kesi kabla mpelelezi hajakaa vizuri kwenye kiti.

"Tumekurahisishia kazi," alisema, akimsogezea glasi ya maji. "Mhusika tunaye. Kikao chake cha nidhamu ni leo saa nane mchana. Jioni utakuwa kwako umenyoosha miguu."

Mpelelezi alishukuru kwa maji, ila hakuyagusa. Pale Tume ya Ulinzi wa Taarifa wenzake walikuwa wamembatiza jina la Koleo, na jina lenyewe halikutoka hewani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, asiyejua kupiga meza, lakini jambo akishalibana lilikuwa halichomoki. Kabla ya kuhamia Tume alikuwa polisi, idara ya upelelezi. Wenzake wa zamani walimcheka walipopata habari: ameacha kukimbiza majambazi, kaenda kukimbiza makaratasi. Siku hizi walikuwa wanampigia simu kumwomba ushauri.

Kilichomleta hospitali kilikuwa hivi. Wanawake watatu wasiojuana walifika Tume, kila mmoja kwa siku yake, wakiwa na malalamiko yanayofanana kama sare. Wote walikuwa wanatibiwa kliniki moja ya hospitali hii. Wote walikuwa wamepigiwa simu na mwanamume mwenye sauti tamu, anayejua ugonjwa wa kila mmoja kwa jina lake, akiwauzia dawa ya kuletewa hadi mlangoni. Wote walimkatalia. Mmoja wao, mwalimu wa shule ya chekechea, alipelekewa hivyo hivyo. Kifurushi kilifika nyumbani wakati yeye yuko darasani, na nje yake mtu alikuwa ameandika ugonjwa wenyewe kwa kalamu nene, herufi za kusomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Aliyekipokea ni mama mkwe. Mwalimu aliporudi jioni alikuta begi lake liko barazani.

Ugonjwa huo haukuwa wa aibu, wala hapa hautatajwa. Ulikuwa wa Mwalimu, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa na haki ya kuutangaza.

"Huyo mhusika ni nani?" Koleo aliuliza.

"Muuguzi wa kliniki hiyo. Watu wanamwita Sista tu, amezeekea hapa." Mkurugenzi aliigeuza kompyuta yake ili Koleo aone. "Wagonjwa wote watatu walipita mikononi mwake. Halafu Jumatatu aliacha kazi katikati ya zamu, akaenda geti la nyuma. Tazama."

Kamera ya getini ilikuwa imemnasa vizuri. Mwanamke mfupi aliyevaa sare nyeupe alitembea haraka hadi kwenye gari lenye vioo vyeusi. Kioo kikateremka kidogo. Alitoa bahasha ya kaki mfukoni, akaipenyeza ndani. Mkono ukatoka garini, naye akaushika kwa mikono yake miwili, akautuliza kitambo, kisha akaachia na kurudi ndani bila kugeuka nyuma.

"Tulipomuuliza ndani ya bahasha kulikuwa na nini, alikaa kimya," alisema Mkurugenzi. "Tukamuuliza ni nani yule garini, akakaa kimya. Mtu asiye na hatia huwa na maneno."

Koleo aliomba aoneshwe tena. Akatazama mara ya pili akiwa ameegemeza kidevu kwenye ngumi.

"Yeye anapokea nini?"

"Nani?"

"Sista. Nimeona anatoa bahasha. Sijaona anachopokea."

Mkurugenzi aliitazama picha kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Pengine alilipwa kwa simu."

"Pengine. Lakini muuzaji hamshiki mteja mkono namna ile."

Mkurugenzi alikaa sawa, akaifunga kompyuta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea mambo kwisha kabla ya chakula cha mchana.

"Mama mpelelezi, nisikufiche kitu. Hospitali hii iko daraja la juu. Kila mwaka tunawalipa Tume ada ambayo maduka ya mtaa mzima yakichanga hayaifikii. Na hatujawahi kuchelewa. Nadhani hata kwenye mshahara wako mkono wetu umo." Akacheka ili ionekane ni utani.

"Umo," Koleo alijibu. "Na wa kinyozi wa jirani yangu aliyefunga kamera dukani kwake umo pia. Naye sijawahi kumfungia kesi kabla ya kuifungua."

Utani huo alikuwa ameusikia mara nyingi hata haukumwasha tena. Sheria ilimtaka kila anayetunza taarifa za watu, awe benki au saluni, ajisajili na kulipa ada kila mwaka kwa kadiri ya ukubwa wake. Mkubwa alilipa kikubwa, mdogo kidogo, na vyote viliingia mfuko mmoja. Kwa mfuko huo Tume ilijiendesha bila kumpigia mtu magoti. Gari alilokuja nalo Koleo, lenye mlango unaofungwa kwa kusukumwa na nyonga, lilinunuliwa kwa fedha hizo. Madereva wa Tume walikuwa na msemo kwamba gurudumu moja ni la hospitali, moja la benki, na usukani ni wa kinyozi.

"Naomba nimwone Sista," alisema Koleo, akainuka.

*

Alimkuta stoo ya mashuka. Walikuwa wamemzuia kukanyaga kliniki, na kwa kuwa hakujua kukaa bure, alikuwa akikunja mashuka yaliyotoka kufuliwa. Alikuwa amepita hamsini, saa yake imening'inia kifuani kwa pini, na kila shuka lililotoka mikononi mwake lilikuwa na pembe kali.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa Tume? Shika huko."

Koleo alishika ncha mbili za shuka. Wakakunja pamoja, wakakutana katikati, wakaachana, wakakutana tena.

"Unajua kikao ni saa nane."

"Najua."

"Wanasema umeuza siri za wagonjwa."

"Nimesikia."

"Umeuza?"

"Hapana."

"Bahasha ilikuwa ya nani?"

Sista aliliweka shuka juu ya rundo, akalipapasa kuondoa kunyanzi moja. "Hilo sitakujibu."

"Mimi si bosi wako. Nina kiapo. Utakachoniambia hakitoki."

"Nakuamini. Una uso wa mtu wa kuaminika."

"Sasa?"

"Sasa yeye hakukuambia wewe, aliniambia mimi. Alisema, Sista, asijue mtu. Nikamwambia, hatajua mtu. Sikumwambia kwamba hatajua mtu isipokuwa mama wa Tume."

Koleo aliingia kazini kwa mlango mwingine. Alimwambia kuhusu leseni ya uuguzi, kwamba ikifutwa hairudi. Akamwambia kuhusu kiinua mgongo ambacho angekipata baada ya muda mfupi tu. Akamuuliza kama ana watoto. Sista alikuwa nao, wa mwisho alikuwa bado chuoni, na ada yake ya chuo ilitoka kwenye mashuka haya na sindano zile. Alijibu yote hayo bila kinyongo. Lilipotajwa gari lenye vioo vyeusi, alichukua shuka jingine.

Katika maisha yake ya upolisi Koleo alikuwa amekaa mbele ya watu wengi waliokaa kimya. Wapo waliokaa kimya kwa woga, wapo waliokaa kimya kwa kulipwa. Mwoga hutazama mlango. Aliyelipwa hutazama saa. Mwanamke huyu alikuwa anatazama mashuka tu, na mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Alikuwa tayari kumwaga unga wake wa miaka yote kwa ajili ya mtu aliyemshika mkono dirishani. Koleo alihisi kitu ambacho si kawaida kukihisi mbele ya mshukiwa. Alitamani kusimama wima.

"Basi sitauliza tena," alisema. "Niambie la kazi. Hawa wagonjwa wa kliniki, nani mwingine anawajua?"

"Daktari. Karani wa kumbukumbu. Na hao wa kukumbusha."

"Wa kukumbusha nini?"

"Miadi. Zamani nilikuwa nawapigia mwenyewe wagonjwa, nawaambia mama kesho usisahau. Siku hizi kuna kampuni. Wamepewa kazi hiyo kutoka juu." Sista alinyanyua mabega. "Wanawapigia vizuri, sina neno nao."

*

Nje mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, lami bado inang'aa. Koleo alikuwa anahangaika na mlango wa gari simu ilipoita. Alikuwa Bi Mkubwa, mkuu wa Tume, mwanamke aliyeongea maneno machache kama anayelipia kila neno.

"Mkurugenzi wako amenipigia."

"Nilijua tu."

"Anasema unapoteza muda wake. Amenikumbusha daraja lao la ada."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia risiti yake ninayo, na alipolipa hakununua mtu. Wewe unaendeleaje?"

"Muuguzi sio."

"Una ushahidi?"

"Bado. Nina mikono yake."

"Mikono haisimami kizimbani. Tafuta kitu." Simu ikakatwa. Koleo alitabasamu peke yake. Alikuwa amefanya kazi chini ya mabosi ambao simu moja ya mkubwa ilitosha kuwageuza. Huyu alipigiwa na mlipaji mkubwa kuliko wote, na akamaliza kwa kumhimiza aendelee.

Akampigia Mwalimu, ambaye sasa alikuwa anaishi kwa dada yake.

"Yule mwanaume wa dawa," Koleo alimuuliza, "alikupigia kwenye namba hii hii ninayokupigia?"

"Ndiyo, hii hii."

"Umeanza kuitumia lini?"

"Ni mpya. Simu yangu iliibiwa sokoni na laini yake, nikachukua laini nyingine."

"Hospitali uliwapa hii mpya?"

Mwalimu alifikiri. "Hapana. Sikwenda tangu niibiwe. Nilisema nitawapa nikienda."

"Nani anayo hii namba? Nitajie wote."

"Mume wangu. Dada. Mwalimu mkuu." Akakumbuka mwingine. "Na yule binti wa kukumbusha kliniki. Alinikosa kwenye namba ya zamani, akampigia dada, maana dada ndiye niliyemwandikisha kama ndugu wa karibu. Dada akanipa simu, nikamtajia yule binti namba mpya."

Koleo alirudi ndani kwa hatua ndefu hadi kwa karani wa kumbukumbu, akamwomba amsomee namba ya simu iliyo kwenye jalada la Mwalimu. Karani akasoma. Ilikuwa ile ya zamani, ya simu iliyoibiwa. Hakuna aliyeibadilisha.

Ikawa hivyo basi. Kama Sista angeuza taarifa za hospitali, mwenye sauti tamu angepiga namba iliyokufa, au angempata mwizi wa sokoni. Aliyempata Mwalimu alikuwa na kitu ambacho hospitali nzima haikuwa nacho.

*

Kampuni ya kukumbusha miadi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Tatizo la Koleo lilikuwa la kisheria. Kumpekua mtu kulihitaji kibali cha mahakama, na kibali kingetoka kesho, baada ya Sista kufukuzwa na baada ya mtu kumtonya mwenye kampuni. Lakini kuhakiki daraja la ada hakukuhitaji kibali. Sheria ilimruhusu mkaguzi kuingia kwa mlipaji yeyote saa za kazi, akahesabu watu na kuangalia kama taarifa wanazotunza ni zile walizosema. Kifungu hicho kilikuwa kikavu kiasi kwamba wapelelezi wengi walikiruka. Koleo alikuwa anakipenda.

Mwenye kampuni alimpokea mwenyewe. Mwanamume wa makamo, shati la bei, kicheko cha karibu. Nyuma ya meza yake cheti cha Tume kilikuwa ndani ya fremu: daraja la chini, wafanyakazi wasiozidi watano, majina na namba za simu tu.

"Karibu, dada yangu. Tumekosa nini?"

"Sijui kama mmekosa. Nimekuja kuhakiki daraja la ada."

Mabega ya mwenye kampuni yalishuka papo hapo, kama mtu aliyeambiwa jino halitang'olewa. "Kumbe ni ada tu."

"Ni ada tu."

"Hesabu, hesabu. Hao hapo." Mabinti wanne walikuwa mezani na vipokea sauti masikioni, wakiongea kwa zamu na wagonjwa. "Wanne, na mimi wa tano. Hatujapunja mtu."

Koleo alizunguka taratibu. Karibu na mlango kulikuwa na ndoo kubwa, na ndani yake miavuli iliyolowana ilikuwa imesongamana kama vijiti kwenye kibiriti, mingine imekosa nafasi ikaegemezwa ukutani, chini yake dimbwi.

"Miavuli yote hii ni ya watu watano?"

"Ya wateja. Wanasahau."

"Wateja wenu wanakuja hapa? Nilidhani mnawapigia simu."

Kicheko kilibaki usoni mwa mwenye kampuni, lakini kilikuwa kimepoteza mwenyewe. Nyuma ya kabati la mafaili kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango mtu alicheka kisha akanyamazishwa.

"Pale ni wapi?"

"Stoo."

"Naomba niione. Stoo pia inahesabiwa."

"Dada, tuelewane. Nipandishe daraja sasa hivi. La kati, la juu, unalotaka. Nalipa kwa simu hapa hapa, na usumbufu wako nautazama." Alikuwa ameshatoa simu mfukoni.

"Daraja halinunuliwi," alisema Koleo. "Linahesabiwa." Akausukuma mlango kwa nyonga, kama alivyozoea kwenye gari lake.

Chumba kilikuwa kikubwa kuliko kile cha mbele. Watu waliketi bega kwa bega, simu masikioni. Katikati kulikuwa na meza iliyojaa chupa zisizo na nembo na vifurushi vilivyofungwa kwa gundi ya karatasi, na binti mmoja alikuwa ameinama akiandika nje ya kifurushi kwa kalamu nene nyeusi. Kona ya mbali mwanamume alikuwa ameupa mlango mgongo.

"Ndiyo, mama, hata usiogope," alikuwa akisema kwa sauti kama asali. "Huo ugonjwa wako unatibika kabisa, na hakuna atakayejua—"

Akageuka, akaona sura za wenzake, akaikata simu.

"Hakuna atakayejua," Koleo alirudia. Akatoa kitambulisho chake cha Tume, akakiinua ili kila mmoja akione. "Mikono juu ya meza, tafadhali. Hakuna kompyuta inayozimwa."

Hakupiga kelele, na hakuna aliyebisha. Akawaita polisi, akawapa anwani, akavuta kiti na kukaa mlangoni. Kisha akamwita binti mmoja wa chumba cha mbele, aliyekuwa amesimama anatazama kilichomo nyuma ya kabati kwa macho ya mtu aliyekuwa hana habari.

"Mdogo wangu, mnapompigia mgonjwa kumkumbusha miadi, kwenye kioo cha kompyuta yako unaona nini?"

"Jina lake. Namba. Siku ya kuja." Binti alishusha sauti. "Na anaumwa nini."

"Ya nini kujua anaumwa nini?"

"Sijui, mama. Inakuja hivyo hivyo kutoka hospitali. Jalada zima. Mimi huwa nalifunika kwa kiganja nisilisome."

Koleo alimtazama binti huyo kwa muda. Watu wazima wenye vyeo hawakuwa wamefikiria hata kiganja.

"Mgonjwa akibadilisha namba?"

"Naandika mpya hapa hapa." Akamwonesha, na akaipata ya Mwalimu bila kutafuta sana. Kwenye kompyuta ya mwenye sauti tamu ilikuwepo namba ile ile, na mbele yake alama kwamba kifurushi kimeshapelekwa.

"Mimi sikuiba chochote," mwenye kampuni alisema kutoka kwenye kiti alichoangukia. "Waliniletea wenyewe. Nilikuta mali imekaa tu."

"Haikuwa mali," alisema Koleo, "na haikuwa yako."

*

Saa nane ilikuwa imepita kidogo alipoingia chumba cha mikutano cha hospitali. Mkurugenzi alikuwa katikati ya meza, ofisa utumishi kulia kwake na daktari wa kliniki kushoto. Sista alikuwa amesimama mbele yao. Kiti kilikuwepo, ila hakuna aliyemwambia akae. Koleo alikivuta, akamkaribisha, kisha ndipo akasalimia.

Akawaeleza kwa maneno machache: namba iliyokufa kwenye jalada lao, namba mpya aliyopewa binti wa simu, chumba nyuma ya kabati, vifurushi na kalamu. Polisi walikuwa wamewashika mwenye kampuni na mwenye sauti tamu. Daktari wa kliniki aliinamisha kichwa. Ofisa utumishi aliitazama barua ya kufukuza iliyokwisha kupigwa mhuri, akaigeuza kifudifudi.

"Lakini ile bahasha," alisema Mkurugenzi. "Lazima tujue ile bahasha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu..." Akatafuta sababu.

"Tume ilipokea malalamiko matatu," alisema Koleo. "Hakuna hata moja linalosema Sista amempa mtu bahasha. Aliyeipokea hajalalamika. Mlimtaka Sista awape siri ya mtu aliyemwamini, akawakatalia. Mmemsimamisha kazi kwa kufanya kile ambacho mnatulipa ada tukihakikishe kinafanyika."

Sista alikuwa anatazama mikono yake.

"Sasa nina swali la mwisho, na si lake. Kampuni ile ilihitaji jina, namba na tarehe. Mliwapelekea majalada mazima, na ugonjwa ndani. Nani aliamuru?"

Ofisa utumishi alimtazama daktari. Daktari alitazama dirisha. Ingekuwa rahisi sana kwa Mkurugenzi kumtafuta karani wa kumtupia. Koleo alikuwa amejiandaa kwa hilo. Lakini mzee yule alivua miwani, akaiweka mezani, akasugua macho.

"Mimi," alisema. "Fundi aliniambia kuchambua kutachukua wiki nzima. Nikamwambia peleka kama yalivyo."

"Nimekusikia. Kutakuwa na faini, na itakuwa ya daraja la juu, kama ada yenu."

"Mtatupiga faini, na mwakani tuwalipe ada?"

"Ndiyo. Faini haiji kwetu, inakwenda hazina ya serikali. Ingekuwa inakuja kwetu ungesema tunatafuta mafuta ya gari. Ada ndiyo yetu, na siku mtu akiiba taarifa zako wewe, Mkurugenzi, nitakuja kwa ada hiyo hiyo, na nitambana vile vile."

Mkurugenzi alivaa tena miwani yake. Akainuka, akazunguka meza yote hadi kwa Sista, na watu wote wakaona jinsi ilivyomwia vigumu.

"Sista, nimekukosea."

"Yamekwisha, Mkurugenzi," alisema Sista. "Wagonjwa wa mchana wananisubiri."

Koleo alimsindikiza hadi kwenye korido. Viatu vya Sista vililia kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki.

"Hukuniuliza tena," alisema Sista.

"Ungeniambia?"

"Hapana."

"Ndiyo maana."

Sista alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile, akaingia kliniki. Kwenye benchi wanawake waliokuwa wanasubiri waliinua vichwa, mmoja akamsogezea mwenzake nafasi, na muuguzi wa zamu aliyekuwa anahangaika peke yake tangu asubuhi alimpokea kwa mikono miwili.

*

Kazi ya mwisho haikuwa ya lazima, ila Koleo hakuwahi kuiacha. Aliendesha hadi kwa dada yake Mwalimu, nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili, watoto wa dada wakifanya kazi zao za shule sakafuni. Dada mtu aliwatoa nje, akabaki yeye amesimama mlangoni na mikono kifuani, tayari kumtimua yeyote atakayemliza mdogo wake.

Koleo alimweleza Mwalimu kila kitu. Nani aliiba, alivyoiba, nani alimwachia mlango wazi. Akamwambia kwamba hospitali itamwandikia barua ya kuomba radhi, na kwamba mahakamani hatatajwa kwa jina.

"Mume wangu alikuja," alisema Mwalimu. "Alikaa hapo ulipokaa. Akaniomba nirudi. Nimemwambia nitafikiri, na nafikiri kweli."

"Huna haraka."

"Sina." Alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti iliyozoea kutuliza watoto, na sasa alikuwa anaitumia kujituliza mwenyewe. "Alhamisi nina kliniki. Nilikuwa nimeamua kwamba hospitali ile siikanyagi tena maisha yangu. Bora niumwe tu."

Dada mlangoni alitaka kusema kitu, Koleo akamzuia kwa jicho.

"Nilikuwa namwambia yule Sista kila kitu," Mwalimu aliendelea. "Mambo ambayo hata dada hayajui. Halafu nikasikia ndiye aliyetuuza. Hilo ndilo lililonimaliza, kuliko hata begi barazani."

"Hakuwauza," alisema Koleo. "Walimbana tangu asubuhi awape siri ya mgonjwa mmoja, wakamwekea kazi yake rehani. Hakuwapa. Hata mimi hakunipa, na mimi huwa napewa."

Mwalimu aliinamisha uso. Mabega yake yalipotulia alijifuta kwa ncha ya kitenge chake.

"Bado yupo kliniki?"

"Nimemwacha yuko na wagonjwa."

"Basi Alhamisi nakwenda."

"Nikusindikize?" dada aliuliza kutoka mlangoni.

"Hapana, dada," alisema Mwalimu. "Nitakwenda mwenyewe."